Maziwa Yalikwenda Wapi?

Walimu wenzetu wengi huifundisha Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945 iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere, kana kwamba dhuluma ilianza siku nguruwe mkuu alipowaachilia mbwa wamfukuze mwenziwe. Kwa usomaji huo, mapinduzi ya Urusi ya 1917 yaliharibiwa na Stalin peke yake. Sisi hatukubali. Cheka, polisi wa siri, iliundwa Desemba 1917. Januari 1918 Bunge la Katiba, lililochaguliwa na wananchi, lilivunjwa baada ya kikao kimoja tu. Aliyetawala wakati huo ni Lenin. Stalin alirithi zana zilizokwisha kunolewa. Orwell hakumweka nguruwe wa kumwakilisha Lenin akiwa mtawala, na hapo hadithi yapungukiwa. Hata hivyo, mapema kabisa yatuonyesha nguruwe wakijitwalia maziwa na matufaha, na wanyama wengine wakinung'unika, kisha wakiridhika. Ufa ulianzia hapo, na hakuna aliyeuziba. Basi tuwaulize wanafunzi kwanza habari za ndoo za maziwa, ndipo tuwaulize habari za mbwa.