Askari Aliyerudi: Msamiati wa Kiwewe na Riwaya ya Utubora Mkulima

Riwaya ya Utubora Mkulima ya marehemu Shaaban Robert ilitolewa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi. Imezoeleka kusomwa kama hadithi ya kusifu kilimo. Sisi twapendelea kuisoma kama hadithi ya askari. Utubora alitumikia katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya kurudi alishika kazi ya mshahara Unguja, kisha akaiacha akaenda kulima Busutamu. Mtu aliyekwisha kuona vita anakimbia nini katika ofisi yenye heshima? Riwaya inalizunguka swali hili bila kulijibu.

Sababu moja imo katika jina. Kwa desturi yake mwandishi humwita mhusika kwa sifa yake, na mtu aitwaye Utubora amekwisha kushinda kabla ya ukurasa wa kwanza. Mtu wa jina hilo hatarajiwi kugutuka usiku, wala kumkaripia mtoto kwa kuwa mlango umebamizwa. Amani anayoipata shambani ni tamu, ila haikulipiwa.

Sababu ya pili ni ya lugha, nayo yawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Kiswahili kimehifadhi vita katika majina ya vitu na vikosi. Tunalo neno keya, la askari wa King's African Rifles. Tunayo Kariakoo, iliyotokana na kikosi cha wapagazi. Huko Kigoma kila mtu aijua Liemba, meli ya Kijerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Chuma kina historia kamili. Nafsi ya askari haina.

Upungufu huo si wa vitabuni tu. Kibirizi, mwalo ulio karibu na mji wa Kigoma, uko katika pwani ambayo wakimbizi wa vita vya Burundi na Kongo wameifikia mara nyingi, mwaka 1972, 1993, 1996 na tena 2015. Tuseme mkalimani wa hapo anamfasiria mganga maneno ya mtu aliyewahi kushika bunduki, ambaye halali tangu miaka kumi. Kamusi itampa neno kiwewe. Lakini mtu hushikwa na kiwewe moto unapozuka sokoni, na jioni kimekwisha. Karani atakayeandika neno hilo katika fomu ataelewa kwamba mgonjwa alibabaika, basi. Kihoro nacho hudai msiba, na wahka huelekea jambo lijalo, ilhali huyu anateswa na jambo lililopita ambalo halijapita.

Madaktari wa akili wa Marekani waliyatambua rasmi maradhi haya mwaka 1980, na wafasiri wetu hawana budi kuyapatia jina. Kwa fomu na hospitali twaona kiwewe sugu chatosha, maana sugu imekwisha kuzoeleka kwa maradhi yasiyoondoka. Kwa mwandishi wa riwaya neno hilo ni kavu mno. Yeye anacho donda ndugu, kidonda kibaya kisichopona upesi, ambacho wazee hukifahamu bila kufafanuliwa. Riwaya ya mkulima mwenye donda hilo, anayelima mchana na kupigana usiku, bado tunaingoja.