Embu hadi Meru: Mabonde Ndiyo Yachague Baiskeli

Barabara ya B6 ina sura mbili. Kutoka Makutano kupitia Wang'uru inapita katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, na sehemu kubwa ni tambarare. Ukishatoka Embu mjini, mambo yanageuka. Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu hadi Meru, lami inauzunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya na kukatiza mito inayoteremka kutoka huko: Thuchi, Nithi, Mutonga na mingineyo. Kila mto una bonde lake, nawe unashuka, unavuka daraja, unapanda tena. Anayetaka baiskeli ya lami katika kaunti hizi aanze kwa kuyafikiria mabonde hayo, bei ije baadaye.

Baiskeli ya mbio ya kawaida humlaza mwendeshaji mbele ili kuukwepa upepo, na usukani wake hugeuka kwa wepesi. Baiskeli ya masafa, yaani ya safari ndefu, huinua usukani na kuusogeza karibu, hurefusha kidogo umbali kati ya magurudumu, tena huacha nafasi ya tairi pana. Wazo hili lilikomazwa na barabara mbovu. Watengenezaji Specialized walipotoa baiskeli ya Roubaix mwaka 2004, waliipa jina la Paris–Roubaix, mashindano yaliyoanza 1896 na yanayosifika kwa njia zake za mawe. Trek nao walitoa Domane mwaka 2012, wakishirikiana na mwendesha baiskeli wa mashindano Fabian Cancellara, wakaweka kiungo kinachouruhusu mlingoti wa kiti unyumbuke peke yake.

Hesabu muhimu zaidi hapa ni ya gia. Tuseme mwendeshaji, baiskeli na maji yake ni kilo 80, na kilima kina mwinuko wa asilimia 8. Baiskeli ya mbio ya zamani yenye meno 39 mbele na 28 nyuma, pedali zikizunguka mara 60 kwa dakika, huenda takriban kilomita 10.5 kwa saa na kudai karibu wati 200. Ya masafa yenye meno 34 mbele na 34 nyuma, kwa mzunguko uleule, huenda kilomita 7.5 na kudai karibu wati 140. Wati 200 kwa bonde moja, wengi wataziweza. Kuzirudia bonde baada ya bonde, magoti hayakubali.

Uzito, ambao wauzaji huusifu sana, una nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Kilo moja ya ziada kati ya hizo 80 huongeza takriban sekunde 7 kwenye mlima wa dakika 10. Gia isiyofaa itakushusha utembee.

Mteremko nao una hukumu yake. Daraja la Nithi linajulikana kote nchini kwa ajali. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafariki. Kwenye mteremko mrefu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, breki zinazobana rimu hukawia kushika kwa sababu lazima kwanza zifute maji. Breki za diski hushika mapema, na vidole havichoki upesi. Katika jambo hili sioni sababu ya kubania pesa.

Kuhusu tairi, la milimita 32 lina hewa zaidi kwa karibu asilimia 60 kuliko la 25, kwa hiyo unaweza kulijaza kwa shinikizo dogo bila tyubu kubanwa na rimu. Faida hiyo utaiona kwenye matuta ya sokoni, kwenye kingo za lami zilizomeguka, na unapoiacha B6 kufuata murramu kwenda mashambani.

Tatizo ni kwamba baiskeli nyingi za mtumba ni za mbio za zamani. Hizo zinaweza kurekebishwa, lakini kwa mipaka. Ikiwa boliti za gia za mbele zimekaa kwenye duara la milimita 130, huwezi kufunga gia ya chini ya meno 38. Ukitaka ndogo zaidi, itabidi ubadilishe mikono ya pedali pia. Fremu isiyo na nafasi ya tairi la milimita 28, hakuna fundi atakayeipanua.

Baiskeli mpya za mbio zimeshapata breki za diski na gia nyepesi, kwa hiyo kilichobaki kuzitofautisha na za masafa ni mkao na upana wa tairi. Mwenye mwili mnyumbufu anayejiandaa kwa mashindano, na anayefanya mazoezi upande wa Mwea, achukue ya mbio bila wasiwasi. Anayetaka kutoka Embu asubuhi na kufika Meru akiwa bado na shingo na mgongo vizima, achukue ya masafa. Na yeyote anayenunua mtumba, kabla ya kulipa, ahesabu meno ya gia, apime mwanya wa tairi kwenye fremu, kisha aijaribu breki kwenye mteremko, si kwenye veranda ya duka.