Kilimia, Mpumbavu na Mazarothi: Majina ya Nyota katika Maandiko ya Kiebrania

Makundi ya nyota yaliyotajwa kwa jina katika Maandiko ya Kiebrania ni machache, hata mtu aweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kima na Kesil yamo katika Amosi 5:8, na tena katika Ayubu 9:9 na 38:31. Ash, ambalo mahali pengine ni Ayish, limo katika Ayubu peke yake, pamoja na vile vyumba vya kusini visivyoelezwa. Mazarothi limo katika Ayubu 38:32, na ndugu yake Mazaloti katika 2 Wafalme 23:5. Isaya 13:10 lataja Kesil kwa wingi. Uchache huo haukuwazuia wataalamu kushindana juu ya asili yake, wala shindano hilo si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Kwani kila mfasiri ni mwamuzi, na aandikaye Kilimia au Orioni amekwisha kutoa hukumu kwamba nyota hizo ni za nani.

Mwaka 1902 Friedrich Delitzsch alianza mjini Berlin hotuba zake mashuhuri juu ya Babeli na Biblia, na kwa muda ikawa desturi kutafuta chanzo cha kila jambo la Waebrania huko Babeli. Mwaka uliofuata Giovanni Schiaparelli, mtaalamu wa falaki wa Milan, alitoa kitabu juu ya elimu ya nyota katika Agano la Kale, naye akaenda kwa hadhari kubwa zaidi. Hadhari hiyo ilistahili, kwa sababu maneno yenyewe hayaungi mkono dai la kwamba vyote vilikopwa.

Katika mabamba ya udongo ya Babeli yaitwayo MUL.APIN, ambayo nakala yake moja ni ya mwaka 686 K.K., kundi la Kilimia huitwa kwa Kisumeri "Nyota" tu, kana kwamba hakuna nyota nyingine, nalo hutangulia katika orodha ya makundi yaliyo katika njia ya mwezi. Orioni huitwa humo Mchungaji wa Kweli wa Mbinguni. Mwebrania hana majina hayo. Kima yaelekea kuwa na maana ya chungu au lundo, na Kiarabu kina neno la jamaa hiyo. Kesil ni neno lile lile ambalo kitabu cha Mithali hulitumia mara kwa mara kwa mpumbavu. Kama Waebrania wangaliazima nyota hizi kwa jirani, ingalitazamiwa waazime na jina, au walau maana yake. Mchungaji wa kweli hageuki kuwa mpumbavu kwa kuvuka mto tu.

Mazaloti ni habari nyingine. Hilo lina sura ya neno la Kiakadi, mazzaltu, yaani kituo au mahali pa kusimama, na kwa nyota ni kituo chake mbinguni. Yafaa kutazama limewekwa wapi: limo katika orodha ya mambo yaliyokomeshwa na Yosia, mfalme wa Yuda, karibu na mwaka 622 K.K., pamoja na uvumba wa Baali, jua, mwezi na jeshi lote la mbinguni. Neno la kigeni lilifika pamoja na ibada ya kigeni, na lilifukuzwa pamoja nayo. Lakini Kima na Kesil, majina ya wenyeji, Amosi wa Tekoa aliyeishi na mifugo ayaweka katika sifa za Mungu bila haya yoyote. Wengi hufasiri Mazaloti kuwa ni buruji kumi na mbili. Wamefanya haraka, kwa maana buruji kumi na mbili zilizogawanywa sawasawa zilipangwa huko Babeli katika karne ya tano K.K., baada ya Yosia.

Wafasiri wa kale hawakuwa na msimamo. Septuaginta yaandika Orioni mahali pa Kesil katika Isaya, lakini katika Amosi 5:8 yaacha majina yote mawili. Jerome, katika Vulgata, aliita Kima kwa majina matatu: Hiadi, Pleiadi na Arkturo, na hilo la mwisho alilitumia hata kwa Kesil. Mtu mwenye elimu yake asingalitangatanga hivyo kama mapokeo yangalikuwa wazi.

Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 iliweka Kilimia mahali pa Kima, na hapo ilifanya vema kuliko Jerome. Jina hilo latokana na kulima. Watu wa pwani walitazama kuzama na kuzuka kwa nyota hizo ili wajue majira ya mvua na ya jua. Ni kweli kwamba hakuna jembe katika neno la Kiebrania. Lakini aya ile ile ya Amosi yasema habari za maji ya bahari yanayoitwa na kumwagwa juu ya nchi, na Mgriki Hesiod naye alimwagiza mkulima alime nyota hizo zinapotua. Jembe limeongezwa, walakini limeongezwa shambani.

Orioni si hivyo. Ni mwindaji wa Kigriki, na kwa kuja kwake mpumbavu amepotea bila hata buriani. Katika Ayubu 38:31 Kesil ana vifungo, na fundo lote la swali ni kama mwanadamu aweza kuvilegeza. Watafsiri wa Kisiria waliandika "shujaa mwenye nguvu", na Waarabu humwita al-Jabbar, neno ambalo Kiswahili kinalo tayari kwa umbo la jabari. Jabari aliyefungwa mbinguni angalieleweka na msomaji bila maelezo. Orioni huhitaji mwalimu.

Mazarothi tu liliachwa kama lilivyo, sawasawa na lilivyoachwa katika Kigriki zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, bila mtu kulitafutia jina la nyumbani.