Tezi, Rovu na "Unyumbufu": Istilahi za Kipimo cha Shingo

Tumeletewa rasimu ya karatasi ya maelezo iliyokusudiwa wagonjwa wa wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, wanaoandikiwa kwenda hospitali kubwa kupimwa vinundu vya shingoni. Kipimo chenyewe ni aina ya altrasaundi ionyeshayo, pamoja na umbo la kinundu, jinsi kilivyo kigumu au laini. Jonathan Ophir na wenzake huko Texas, Marekani, walikiita elastografia mwaka 1991. Mfasiri wa rasimu amekiita "picha ya unyumbufu wa tezi". Maneno yote ni ya Kiswahili na sarufi haina kosa. Hata hivyo, tunaonelea kwamba jina hili halifai kumfikia mgonjwa.

Tuanze na tezi. (Tezi ya chombo, mwenziwe omo, tuwaachie mabaharia.) Neno hili hutaja kiungo, na hilohilo hutaja ugonjwa wa kiungo hicho. Watu husema "ana tezi", hali kila mtu anazo. Tezi dume imekwisha kupatwa na mkasa huo: ni kiungo cha kila mwanamume, lakini mitaani ni jina la maradhi. Rasimu inapomwambia msomaji "ukiwa na tezi, usihofu", ni sawa na kumwambia asihofu kuwa na ini. Dawa tunayo: rovu ni uvimbe wa shingo, na dundumio ni kiungo chenyewe. Ni kweli neno dundumio halijazoeleka. Lakini chumvi yenye madini joto ilipata jina ambalo hata mwenye duka kijijini hulitumia. Kwa nini kiungo kinachoyahitaji madini hayo kikose lake?

Unyumbufu una taabu kubwa zaidi. Katika fizikia mfasiri ana hoja, kwani kipimo cha unyumbufu cha chuma ni kikubwa kuliko cha mpira. Lakini kwa msemaji wa kawaida, kitu kinyumbufu ni kile kinachopindika na kulegea, mfano wa ufito mbichi. Mashine hupeleka msukumo wa sauti mwilini, ikapima kasi ya wimbi linalosambaa kando, na mara nyingi hutoa jibu kwa kilopaskali. Kadiri kinundu kilivyo kigumu, ndivyo tarakimu inavyopanda. Mama wa Ikungi akisoma kuwa "unyumbufu uko juu" atashukuru kwamba kinundu chake ni laini, na huenda asirudi kuchomwa sindano ya kutolea chembe za kuchunguzwa. Istilahi imemgeuzia jibu.

Tunapendekeza "kipimo cha ugumu wa kinundu". Wapo watakaosema kuwa ugumu ni shida pia, nao watataka ukakamavu. Neno hilo tunalikataa, maana lina harufu ya gwaride. Mnunuzi abonyezaye kitunguu sokoni anajua ugumu ni nini. Elastografia ibaki katika maandishi ya madaktari.

Limebaki moja, nalo si la msamiati. Rasimu yasema "kinundu kigumu ni saratani". Vinundu vingi vya dundumio si saratani. Chenye chembe za chokaa huweza kuwa kigumu bila ubaya wowote, na saratani nyingine huwa laini. Kwa kuliacha neno "huenda", mfasiri amekifanya kipimo kuwa hukumu. Neno hilo lirudishwe kabla karatasi haijapigwa chapa.