Tumekombolewa, lakini deni linaendelea

Wakubwa na wadogo zangu wa promosyo zote, leo siandiki juu ya muhogo. Naandika juu ya mahubiri, maana kwa wengi wetu mahubiri yanagusa mfuko kuliko bei ya mbegu.

Huku Kapalata unaweza kusikia, ndani ya ibada moja, mafundisho mawili yenye kupigana. Kwanza pasta anafungua Wagalatia sura ya 3: Kristo ametukomboa katika laana ya torati, ameibeba mwenyewe msalabani. Watu wanapiga makofi, wamama wanalia. Saa moja kisha, wakati wa matoleo, anafungua Malaki sura ya 3: mwenye haleti moja ya kumi anamwibia Mungu, na yuko chini ya laana. Makofi hakuna tena. Laana iliyoondolewa saa nne imerudi saa tano, na hakuna anayeuliza imepita mlango gani.

Mimi ni mukristo na sina mpango wa kutoka. Ninachokosoa ni usomaji. Tumefundishwa chuoni kwamba ukiweka matokeo mawili yenye kupingana ndani ya memwari moja, mwalimu atakuuliza. Sasa juu ya nini kanisani hatuulizi?

Tuanze na neno lenyewe. Kukomboa si neno la mbinguni, ni neno la deni. Unakomboa kitu ulichoweka rehani. Kila mtu hapa amekwisha kuona mgonjwa aliyepona lakini anabaki kitandani juu hajalipa hospitali. Jamaa wanakotiza, mjomba anauza mbuzi, deni linalipwa, mgonjwa anapewa karatasi ya kutoka. Amekombolewa. Hakuna atakayemfuata nyumbani kila mwezi kumwambia alete sehemu ya kumi, la sivyo ugonjwa utarudi. Akijaribu, tutamwita mwizi. Lingala nayo inasema vilevile: kosikola ni kununua tena, na Yesu anaitwa Mosikoli.

Kwa watu wa Kapalata neno hili lina kovu lingine. Machi 1997 AFDL waliingia Kisangani, na wakati ule wengi waliuita ukombozi. Kambi ya Kapalata ikajazwa na vijana wa Mai-Mai waliopelekwa kufundishwa, watoto wakiwa ndani yao, na wengi walikufa pale kwa magonjwa. Wazee wetu walijifunza mapema kwamba mkombozi anaweza kugeuka bwana mpya. Nadhani Paulo angewaelewa bila kutafsiriwa, maana barua yake yote kwa Wagalatia inapigana na jambo hilo hilo: watu waliofunguliwa, kisha wakafungwa tena na waliosema wamekuja kuwasaidia.

Hapa niko na lawama moja kwa Biblia ya Union Version, ile wengi wetu tunabeba. Inaandika torati fasi ambapo tafsiri nyingine zinaandika sheria. Si kosa. Lakini masikioni mwa mama mwenye kuuza sombe, torati ni kitu cha Wayahudi wa zamani, kitabu cha mbali. Anasikia kwamba amewekwa huru na kitu ambacho hakikumfunga hata siku moja. Sheria anayoijua yeye ni hii: jene kavu ya siku tatu, kitambaa kichwani, moja ya kumi. Hiyo hakuna aliyemwambia kwamba Paulo anaizungumzia.

Na anaizungumzia kabisa. Wale Wagalatia hawakuwa Wayahudi. Walikuwa watu wa mataifa, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, walioamini bila masharti. Kisha wakaja walimu wengine kuwaambia: imani ni vizuri, lakini ongezeni tohara, ongezeni kushika siku na miezi. Paulo alikasirika mpaka akaandika, sura ya 5, neno moja juu ya walimu wale na kisu chao ambalo sijasikia pasta akilisoma mbele ya wamama. Hoja yake ni ya hesabu: ukikubali kipande kimoja cha sheria kama bei ya kukubaliwa na Mungu, una deni la kuishika yote. Hauchagui.

Mapasta wenye kusoma wanajibu: moja ya kumi ilikuwa mbele ya Musa, Abrahamu alimpa Melkizedeki. Ni jibu la nguvu, tusilidharau. Lakini tuangalie. Abrahamu alitoa katika mali ya vita, na Mwanzo 14 haisemi kwamba aliagizwa au kwamba alitishwa. Tena, tohara nayo ilikuwa mbele ya Musa, iko Mwanzo 17, ni Abrahamu huyo huyo. Hata hivyo Paulo aliikatalia Wagalatia. Kama kuwa mbele ya Musa kungetosha kulifanya jambo kuwa lazima, barua yote ya Wagalatia ingeanguka. Jibu hilo linamwokoa Malaki kwa kumzamisha Paulo.

Na kama tunataka sheria, basi tuisome yote, hapo mimi kama mtu wa kilimo nitafurahi sana. Moja ya kumi ya Musa ilikuwa ya nafaka, divai, mafuta na mifugo. Kumbukumbu la Torati 14 inasema ukiwa mbali, uza, beba franga, ukifika nunua chochote roho yako inatamani, ukile pale na watu wa nyumba yako. Mwaka wa tatu ile sehemu inabaki mjini kwako, inaliwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mambo ya Walawi 19 inakataza kuvuna mpaka pembe za shamba, maskini wapate kitu. Kutoka 23 inaagiza udongo upumzike mwaka wa saba. Sisi tunaojua namna mashamba ya karibu na mji yanalimwa bila kupumzishwa mpaka muhogo unakuwa kama vidole, tungependa mahubiri juu ya mwaka wa saba! Bado nayangojea. Katika sheria yote ya Musa imechaguliwa ile yenye kupita ndani ya kikapu. Na Malaki mwenyewe, ukirudi nyuma mpaka sura ya 2, laana anaitaja juu ya makuhani.

Msinielewe vibaya, sisemi kanisa liishi bila amri yoyote. Wakimbangu hawali nguruwe, hawanywi pombe. Wazazi wao wa imani, baada ya Simon Kimbangu kukamatwa mwaka 1921, walihamishwa na serikali ya Wabeleji fasi nyingi za mbali, mpaka Lowa, hapa upande wa Ubundu. Watu wa namna ile wakijiwekea kanuni ya nyumba yao, ninaiheshimu. Kanuni ya nyumba unaifuata juu umo ndani. Shida inaanza siku kanuni inauzwa kama tikiti ya kuingia, ama kama dawa ya kuzuia laana.

Na sisi wenye lisansi ndio wateja wakubwa wa dawa hiyo. Umemaliza masomo, miaka mitatu hakuna kazi, unaendesha toleka. Unaambiwa ni blokaje, laana ya ukoo, kuna deni ambalo babu yako aliacha kwa mizimu. Unafunga kula, unapanda mbegu, maana yake bahasha. Mimi nimesoma mbegu miaka mitano. Punje moja ya hindi inaweza kurudisha mia tatu na zaidi, kweli, lakini inataka udongo, mvua, palizi, na mwenye kupanda ndiye mwenye kuvuna. Mbegu unayopanda wewe na kuvuna mwingine, sisi wa agronomia tuko na jina lingine kwa hiyo. Ubaya wake unapita pesa. Kijana anaanza kumwogopa shangazi yake mzee, anamtafuta mchawi ndani ya familia, na uchumi wa nchi ambao hauajiri mtu unatoka bila kuulizwa. Kama Kristo alilipa, babu yangu anadaiwa na nani tena?

Yale maneno ya mbegu wanayatoa 2 Wakorintho 9. Soma sura ya 8 na ya 9 pamoja, kisha Waroma 15. Paulo alikuwa anakusanya mchango kwa maskini wa Yerusalemu. Hapohapo anakataza kutoa kwa kulazimishwa. Ni kweli pia kwamba katika Wagalatia 6 anataka mwanafunzi amgawie mwalimu wake, na pasta wa mtaani mwenye watoto sita anastahili kula. Amwambie tu mkutano hivyo, kwamba ana njaa, tutampa. Asimtume Malaki.

Na walipokutana Yerusalemu, wale wakubwa wa kanisa hawakumwongezea Paulo tohara wala dime. Iko Wagalatia 2, mstari wa 10: walimwomba awakumbuke maskini, na yeye alisema lile alikuwa na bidii kulifanya. Mama wa sombe, kwa hesabu ya mstari ule, alipaswa kuwa upande wa wenye kupokea.