Kiti cha Enzi Kisicho na Mwenyewe

Wakaazi wa Lamu, Pate na Unguja wanakijua kiti cha enzi: mgongo umesimama wima, mpingo umepambwa kwa vipande vya pembe au mfupa, maegemeo yamesukwa kwa kamba, na chini pana pa kuwekea miguu. Hakikuwa kiti cha kila ajaye. Kilimngoja mgeni wa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa katika kungoja huko.

Mwaka 2001, katika Msumbiji, Cristóvão Canhavato, msanii ajulikanaye zaidi kwa jina la Kester, aliunda kiti kingine cha enzi. Hakutumia mpingo wala kamba. Alichukua bunduki zilizokatwakatwa, akaziunganisha kwa kulehemu. Mgongoni mna vitako vya bunduki za G3, zilizotumiwa na jeshi la Wareno. Sehemu nyingine zimetokana na silaha za Umoja wa Kisovieti, Poland, Czechoslovakia na Korea Kaskazini. Hapana hata moja iliyoundwa Afrika. Vita vilivyomalizika mwaka 1992, baada ya miaka kama kumi na mitano na vifo vya watu wapatao milioni moja, vilipiganwa na Waafrika kwa vyuma vya wengine.

Malighafi hiyo haikuokotwa jaani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana: mwenye bunduki aliisalimisha, naye akapewa jembe, cherehani, baiskeli au vifaa vya ujenzi. Silaha zilikatwa zisiweze kufyatua tena, na baadhi ya vipande vikawafikia wasanii.

Mpenzi wa ushairi hatashangazwa na kazi ya namna hii. Mshairi naye hafinyangi maneno mapya. Huyapokea yakiwa yamekwisha tumika sokoni, mahakamani na matangani, akayapanga kwa vina na mizani hadi yaseme lisilowahi kusemwa. Thamani ya neno kuukuu ni kwamba limebeba kumbukumbu. Ndivyo alivyofanya Kester. Juu ya vitako vile viwili, matundu ya skrubu na ya mkanda yanafanana na macho na kinywa, kana kwamba nyuso mbili zinatabasamu. Yeye hakuyachonga, yalikuwapo tangu kiwandani. Usanii wake ulikuwa kuyaona na kuyaweka mahali pa kichwa cha mwenye kukalia.

Hapa ndipo kiti hiki kinapokihoji kile cha ukumbini kwetu. Pembe zilizokipamba kiti cha kale zilitoka bara, kwa misafara iliyojaa jasho na damu, lakini fundi alizisugua mpaka asili yake ikasahaulika. Uzuri wake umejengwa juu ya kuficha. Kester hakusugua kitu: mtutu ungali mtutu, na mwenye kutaka kuketi sharti akubali kukalia vita.

Si kila kazi ya aina hii imefanikiwa kwa kadiri hiyo. Mti wa Uzima, uliokamilishwa mwaka 2004 na Kester pamoja na Fiel dos Santos, Hilario Nhatugueja na Adelino Serafim Maté, ni mkubwa zaidi: kimo chake ni mita 3.5, na uzito kiasi cha nusu tani. Uliagizwa na British Museum na shirika la Christian Aid. Ufundi wake haukosi sifa, ila wazo lilitangulia na chuma kikafuata. Vipande vinalazimika kuwa shina, tawi na jani, na amani inatangazwa kabla mtazamaji hajaitafuta. Ni kama shairi lenye mafunzo mema ambalo kila kina kimejulikana kabla ya mshororo kwisha. Kiti hakiahidi amani. Kinauliza nani aliyetawala kwa bunduki hizi, na nani atakayethubutu kuketi baada yake.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sanaa ya vitu vilivyokwisha tumika huugeuza msemo huo: hukirudia kidonda cha zamani na kukataa kukifunika kwa upya. Siku hizi husifiwa kwa kuwa inaokoa taka na kuhifadhi mazingira, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mchongaji wa mbao huomba misitu idumu ili apate kuendelea. Msanii wa silaha, akiwa mkweli, huomba malighafi yake iishe. Kiti cha Kester kimenunuliwa na British Museum, na katika mwaka 2005 na 2006 kilizungushwa Uingereza, kikafika mashuleni, makanisani na hata gerezani. Kote huko kilikwenda kitupu. Utupu huo ndio beti yake ya mwisho, nayo haihitaji kukamilishwa na mtu yeyote.