Chuma cha Malungu na Namna ya Kukitambua

Mkuki "wa mababu" ukiwekwa mezani Mpanda, mkoani Katavi, mnunuzi mgeni huangalia kutu kwanza, na hapo ndipo anapopigwa. Maji ya chumvi na siku chache za jua hutoa kutu ya rangi ya chungwa, ya unga, inayobaki kidoleni. Kutu ya miaka mingi ni ya kahawia iliyokolea hadi weusi, nayo imeng'ang'ania chuma.

Mjuzi huanza na chuma chenyewe. Kusini mwa Katavi, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, wahunzi waliyeyusha mtapo ndani ya malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, zilizojivutia hewa kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kilichopatikana kilikuwa bado kichafu, kikasafishwa katika tanuri ndogo ya mivukuto iitwayo kintengwe, ndipo kikafuliwa. Mabaki ya kazi hiyo yalichunguzwa wilayani Nkasi na mwanaakiolojia Bertram Mapunda katika miaka ya 1990.

Mhunzi afue atakavyo, mavi ya chuma hayaishi yote. Hubaki kama nyuzi nyembamba, na kutu inapokula bapa taratibu, mistari hujitokeza kwa urefu, mfano wa ubao wa mninga ulionyeshewa misimu mingi. Hakuna alama nyingine inayostahili kuaminiwa kuliko hii. Mkuki mpya uliofuliwa kwa springi ya gari hauna nyuzi hizo. Ukiliwa na kutu, huacha vishimo vilivyotawanyika.

Kisha mjuzi hutazama pale mpini unapoingia. Katika mikuki mingi chuma kilifuliwa kikawa chembamba, kikakunjwa kama karatasi ya karanga, na mshono ukaachwa wazi. Kipande cha bomba kilichochomelewa ni kazi ya juzi.

Kwa upande wa majembe, jembe lililolima huwa limelika, mara nyingi upande mmoja zaidi. Lakini lisilolika lisitupwe haraka: majembe yalitolewa pia kama mahari, na mengine hayakuwahi kugusa udongo.

Mnunuzi anayetaka kusafiri navyo akumbuke: kuvitoa vitu vya kale nje ya Tanzania kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Linaloumiza zaidi ni msasa. Dakika kumi za kung'arisha hufuta nyuzi zote, na ushahidi umekwenda. Kitambaa kikavu kinatosha, pamoja na kikaratasi kilichofungwa kwenye mpini: kijiji ulikotoka mkuki, na maneno ya mzee aliyeutoa.